Kubadili stadi za tairi kwa ajili ya rimu za spoti: hesabu mizunguko kwanza

Nilikuwa natoka Morogoro kurudi Dar, nimeshapita Chalinze, usukani ukaanza kucheza mkononi. Mwanzo nikadhani ni barabara. Baadaye nikasikia kok, kok, kok upande wa kushoto mbele, sauti inayofuata mwendo: ukipunguza, nayo inapungua. Niliposimama pembeni na kushika nati za tairi lile, nne kati ya tano zilizunguka kwa vidole. Rimu zilikuwa na wiki moja tu kwenye gari. Kijana aliyezifunga nilimwona kwa macho yangu akisimama juu ya spana na kurukaruka, kisha akaniambia, "Bosi, hizi hata tembo hafungui."

Kuhusu nguvu hakudanganya. Kilichokosekana ni uzi, yaani thredi ambayo nati inaishika. Nilikuwa nimeweka spesa (bamba la chuma linalokaa kati ya habu na rimu) ya milimita 5 ili rimu isikwaruze kalipa ya breki, ile inayobana diski, na stadi za kiwandani zikabaki na kipande kidogo mno cha kushika nati. Mizunguko mitano na nusu hivi. Nati yenye uzi mchache ukiikaza kwa fujo haishiki zaidi. Inaanza kula thredi, na mtikisiko wa barabara unamalizia.

Stadi ninazozungumzia ni vile vipande vya chuma vyenye thredi vinavyochomoza kwenye habu (kitovu ambacho tairi linafungwa), rimu inavivaa kisha nati zinafuata. (Si ustadi wa kazi, ingawa nao utauhitaji.) Zimesukumwa kwa nguvu kutoka nyuma ya habu, na shingoni zina meno yanayouma tundu ili zisizunguke. Kama gari lako ni Volkswagen, BMW au Mercedes, huenda halina stadi kabisa bali boliti zinazoingia kutoka nje. Wewe nunua boliti ndefu zaidi, hakikisha ncha zake hazigusi kitu nyuma ya habu, na kazi yako imekwisha. Haya mengine ni ya wenye magari ya Kijapani. Langu ni Toyota Mark II Grande, na nitalitumia kama mfano.

Kuhesabu, kabla hujatoa hata shilingi

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Stadi ndefu ni bei gani?" Swali la kwanza ni kama unazihitaji. Rimu nyingi za spoti hazihitaji chochote. Zinazoleta shida ni zile ambazo sehemu yake inayokaa kwenye habu ni nene kuliko ya rimu ya kiwandani, au zile ulizolazimika kuziwekea spesa.

Inua gari, vua tairi, vaa rimu mpya pamoja na spesa kama ipo, isukume mpaka ilale vizuri kwenye habu. Chukua nati utakayotumia, ianzishe kwa mkono, halafu hesabu mizunguko kamili tangu inaposhika uzi mpaka inapogusa rimu na kugoma. Fanya hivyo kwenye stadi mbili tatu, si moja.

Kanuni inayotumika ni nyepesi: urefu wa uzi ulioshikwa usipungue unene wa stadi yenyewe. Stadi ya milimita 12 ishikwe walau milimita 12. Toyota nyingi ndogo na za kati, Honda, Mazda na Mitsubishi zina stadi ya 12 yenye thredi ya 1.5, yaani kila mzunguko mmoja nati inasogea milimita moja na nusu. Hapo unataka mizunguko 8. Nissan, Subaru na Suzuki nyingi zina 12 kwa thredi ya 1.25, kwa hiyo tafuta mizunguko 10. Land Cruiser 100 na 200 ni 14 kwa 1.5: zaidi kidogo ya 9, sema 10 uwe na amani.

Kwangu hesabu ilikuwa hivi. Bila spesa nilipata mizunguko 9, sawa na milimita 13.5. Salama. Spesa ya milimita 5 ikala kiasi chake, nikabaki na milimita 8.5. Upungufu ni milimita 3.5. Dukani walikuwa na stadi zinazozidi za kiwandani kwa milimita 10, nikachukua hizo. Zinanipa milimita 18.5 za uzi, zaidi ya mizunguko 12. Ukizidi namna hiyo hakuna ubaya wowote, isipokuwa jambo moja ambalo limewaponza wengi.

Nalo ni nati zilizozibwa kichwani, zile za kung'aa zinazopendwa kwa sura. Stadi ndefu ikiingia ndani ya nati ya namna hiyo inafika mwisho wa kopo kabla nati haijaibana rimu. Spana inagoma, mkono unasema imekaza, kumbe nati imekaza dhidi ya ncha ya stadi na rimu yenyewe iko huru. Ukiweka stadi ndefu, tumia nati zilizo wazi pande zote mbili. Ncha ya stadi itatokeza nje kidogo. Mimi naona inapendeza. Mke wangu anasema gari limeota meno.

Kununua bila kubahatisha

Usiende dukani na jina la gari tu. Nenda na stadi ya zamani mkononi, maana gari moja linaweza kuwa na stadi tofauti mbele na nyuma. Ndiyo maana ni vema kung'oa moja ya mbele na moja ya nyuma siku ile ya kuhesabu, au kuazima habu mbovu gereji ukapima hapo. Dar utazipata Kariakoo, mitaa ya Gerezani na Shaurimoyo. Nairobi watu huenda Kirinyaga Road, Kampala wanaenda Kisekka.

Vipimo ni vitatu. Thredi, ambayo unaijaribu kwa nati ya gari lako: izunguke kwa vidole mpaka chini bila kukwama. Urefu, unapima kuanzia chini ya kichwa mpaka ncha. Cha tatu ndicho ambacho wauzaji wengi hawakijui, na ndicho kinachoharibu habu: unene wa shingo yenye meno. Toyota nyingi ni milimita 14.3, Honda nyingi ni kama 12.3. Zote mbili ni stadi ya 12 kwa 1.5, nati ileile inaingia kote, na ukiziona mezani utadhani ni ndugu. Ukiweka ya Honda kwenye habu ya Toyota itazunguka ovyo tundu lote; ukilazimisha ya Toyota kwenye habu ya Honda unaweza kupasua habu. Pima kwa venia ya kupimia, sehemu ya meno, siyo sehemu ya thredi. Muuzaji akikwambia "hizi zinaingia kila gari", mshukuru na uendelee kutembea.

Stadi nzuri huwa ni chuma cha daraja la 10.9, namba inayoonyesha uimara wake, na nyingine zimepigwa namba hiyo kichwani. Nunua zote za gari zima au walau za ekseli nzima, pamoja na mbili za akiba. Gari la mashimo matano linataka 20.

Nati nazo zitazame upande unaogusa rimu. Rimu nyingi za spoti zina tundu lenye mteremko wa koni wa digrii 60, na nati iwe na koni hiyohiyo. Rimu za kiwandani za Toyota mara nyingi hutumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Hiyo usiifunge kwenye tundu la koni hata kama thredi inakubali. Honda za kiwandani zina nati za duara kama nusu gololi, nazo hazifai hapa.

Na kwa kuwa uko dukani, angalia pete za katikati. Tundu la katikati la rimu nyingi za spoti ni kubwa, milimita 73.1 kwa mfano, wakati habu ya Grande yangu ni 60.1. Pete inajaza pengo hilo ili rimu ikae katikati barabara wakati unafunga. Bila pete gari linaweza kutetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa, ukamlaumu fundi wa kupima balansi bure.

Kutoa za zamani

Utahitaji jeki na stendi mbili imara, mawe au vigingi vya kuzuia tairi, nyundo ya kilo mbili, kipande cha shaba au nati kuukuu ya kupokea nyundo, brashi ya waya, waya wa kuning'inizia kalipa, washa nene sita hivi, grisi, na spana ya toki, ile yenye kipimo inayolia "tak" ikifika. Hiyo ya mwisho ikikushinda bei, azima. Usifanye kazi hii bila hiyo. Na usiingize hata kidole chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Legeza nati gari likiwa bado chini, kisha inua na uweke stendi. Fungua boliti mbili zinazoshika kalipa, ziko upande wake wa nyuma. Kwa Toyota nyingi ni spana namba 17. Kalipa itundike kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa paipu yake ya breki, inachanika ndani na hutaona kwa nje. Diski ikiwa imeng'ang'ania kwa kutu, tazama kama ina vitundu viwili vidogo vyenye thredi: ingiza boliti mbili za 8 kwa 1.25, zikaze kwa zamu, diski itajisukuma yenyewe. Nyuma kumbuka kuachia hendibreki kwanza, ndiyo maana vigingi viwe kwenye tairi za mbele.

Sasa subiri. Kabla hujapiga stadi hata moja, chukua stadi mpya ujaribu kuipitisha nyuma ya habu. Zungusha habu taratibu ukitafuta mahali penye upenyo. Magari mengi yana sehemu moja iliyokatwa au iliyo wazi zaidi, na huko ndiko stadi zote zitapita moja baada ya nyingine. Mara nyingi ya zamani hutoka vizuri lakini mpya, kwa urefu wake, inagonga bati la vumbi au mwili wa nakli (chuma kinachoibeba habu) na haiingii. Ni heri ulijue hilo wakati gari bado lina stadi zake. Kwangu mbele zilipita kwa kuziinamisha. Nyuma ilibidi nitoe shuu moja ya hendibreki, zile zilizojificha ndani ya diski, ndipo nikapata nafasi.

Ikiwa haipiti kabisa, habu lazima itoke. Kwenye magari ambayo habu na beringi ni kitu kimoja kilichofungwa kwa boliti, si kazi kubwa. Lakini pale ambapo beringi imepigwa presi ndani ya nakli, ukiitoa habu beringi kwa kawaida inaharibika. Hesabu beringi mpya kwenye bajeti, au kaa na rimu isiyotaka spesa. Usikate bati wala kusaga chuma cha nakli kwa sababu tu umeshalipia rimu.

Upenyo ukiwepo, weka nati kuukuu kwenye ncha ya stadi, ikae sawa na ncha, upige. Mapigo mawili matatu mazito na yaliyonyooka ni bora kuliko ishirini ya woga, maana kila pigo linapita kwenye beringi. Nikipata kile kifaa cha presi cha kutolea boljointi, chenye umbo la herufi C, sipigi nyundo kabisa: kinaisukuma stadi polepole na beringi haijui kilichotokea. Kama kuna sensa ya ABS karibu (ile inayosoma mzunguko wa tairi kwa ajili ya breki), itoe au ujue iko wapi kabla hujainua nyundo.

Safisha tundu kwa brashi na ulikague. Likiwa na ufa, au limeliwa kiasi kwamba stadi mpya inaingia kwa kidole na kuzunguka, habu hiyo imekwisha. Kuna watakaokwambia, "Kaka, tunachomelea kidogo tu." Usikubali. Chuma cha stadi kimepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa. Moto wa kuchomelea unauharibu ugumu huo, na itakatika siku ambayo hujui.

Kuvuta mpya ndani

Njia safi ni presi ya gereji, habu ikiwa nje. Ikiwa habu imebaki kwenye gari, unavuta kwa nati. Ingiza stadi kutoka nyuma, izungushe kwa vidole mpaka meno yake yaonekane kuingia kwenye mikwaruzo ya yale ya zamani. Mbele ivalishe washa nene nne au tano zilizopakwa grisi katikati yake, kisha nati kuukuu iliyogeuzwa, upande wa bapa ukitazama washa. Grisi iwe kwenye washa, isifike kwenye thredi. Zuia habu isizunguke kwa kupitisha chuma kirefu kati ya stadi mbili zilizovalishwa nati, halafu kaza kwa spana ya mkono, polepole.

Utasikia inavutwa kwa uzito ule ule, mzunguko baada ya mzunguko, kisha ghafla inakuwa ngumu. Hapo kichwa kimefika. Usiamini mkono tu: chungulia nyuma kwa tochi, au pitisha kipande cha karatasi chini ya kichwa. Karatasi ikiingia, bado. Stadi isiyofika mwisho itaendelea kujivuta ukiwa barabarani, na nati italegea bila mtu kuigusa. Mashine ya upepo iache kando hapa, maana inaweza kunyoosha stadi mpya kabla haijafanya kazi hata siku moja. Nati uliyovutia nayo, itupe.

Nilisoma mahali kwamba stadi zikilala kwenye friza zinasinyaa na kuingia kwa urahisi. Nikazilaza usiku kucha na samaki. Baadaye nikapiga hesabu: shingo ya milimita 14.3 ikitoka kwenye joto la Dar mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri inasinyaa kama milimita 0.008. Haina maana. Na zilinuka.

Ukimaliza, zungusha habu kwa mkono duara zima ukisikiliza kama kichwa chochote kinakwaruza bati au sensa. Rudisha shuu, diski na kalipa, kaza boliti za kalipa kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Ukisahau hilo, kanyago la kwanza litakwenda mpaka chini na gari halitasimama.

Tairi la kwanza lilinila saa mbili na nusu. La nne, dakika 50.

Kufunga rimu

Futa kutu na vumbi kwenye uso wa habu na nyuma ya rimu. Thredi ziwe kavu. Mafuta yanapunguza msuguano, kwa hiyo kipimo kilekile cha spana kitaivuta stadi kupita kiasi. Anza nati zote kwa vidole, kaza kwa mpangilio wa nyota, si kufuata duara, kwanza kidogo, kisha gari likishuka chini ndipo utumie spana ya toki. Kipimo cha Toyota nyingi zenye stadi ya 12 ni Nm 103 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Honda nyingi ni 108.

Ili uone ukubwa wa namba hiyo: mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya bomba la sentimita 60 anatoa Nm 412 hivi, mara nne ya inayotakiwa, na hapo hajaruka. Yule kijana wangu aliruka.

Endesha mjini kilomita 50 hadi 100, kisha pitia nati zote tena kwa kipimo kilekile. Nati ikisogea kidogo mara ya kwanza ni kawaida, rimu na stadi zinatafuta makao yake. Ikisogea tena mara ya pili, vua tairi uangalie kichwa cha stadi nyuma.

Siku hiyohiyo toa tairi la spea, livalishe mbele na nyuma. Rimu ya chuma ni nyembamba, kwa hiyo nati itapita uzi mrefu zaidi kuliko kawaida. Hakikisha inafika mpaka kuibana rimu. Spana iliyokuja na gari nayo ijaribu, kwa sababu kina chake huenda hakitoshi stadi inayotokeza nje ya nati. Ya kwangu iliishia katikati. Soketi ndefu ya 21 sasa inakaa kwenye buti, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na stadi mbili za akiba.